Kitagata: mkimbizi naye anaweza kwenda kuoga maji ya moto

 

Leo nataka kuongea kuhusu safari. Siyo ile safari ya Marekani au Kanada ambayo kila mtu hapa anaisubiri kwenye simu. Ni safari ya siku moja tu, kwenda Kitagata na kurudi. Tulikwenda watu kumi na mmoja wa kundi letu, mwezi uliopita, siku ya Jumamosi. Tulitoka giza bado lipo na tukarudi usiku. Tulioga maji ya moto yanayotoka ardhini, tukala, tukatembea kidogo, basi.

Tuliporudi maneno yakawa mengi. Kwenye bomba la maji mama mmoja jirani yetu alituambia mbele ya watu: "Watu wanalala njaa, nyinyi munaenda kuoga mayi ya moto?" Hilo ni neno la wazi na nitalijibu. Lakini kuna neno lingine lililosemwa chini chini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Watu waliotupenda walikuja kutushauri: "Ondoeni hizo picha. Wakiziona watasema nyinyi mumeshajitegemea, watawakata." Usiku ule ule wawili wetu walifuta picha zote. Dada mmoja alibakiza moja tu, akaikata mpaka ikabaki miguu yake ndani ya maji, isijulikane ni ya nani.

Hebu fikiria. Mtu anaficha uso wake kwa sababu alipumzika siku moja.

Mimi msimamo wangu ni huu: kwenda Kitagata haikuwa dhambi, na haikuwa ushahidi wa utajiri. Kijana wa kambi anayeweza kujikusanyia nauli aende, aone, apige picha, aiweke. Na mfanyakazi wa shirika anayeiona picha hiyo aisome kama anavyosoma picha ya mwenzake wa ofisini aliyekwenda ziwani wikiendi.

Kwanza niwaambie Kitagata ni wapi, maana wengi mmeniuliza. Ukitoka Nakivale unafika Mbarara, hiyo njia tunaijua wote. Mbarara unachukua takisi ya kuelekea Ishaka, unapita Kabwohe, migomba kushoto na kulia. Ishaka unashuka, unatafuta gari lingine la barabara ya kwenda Rukungiri. Ni lami, vilima vingi, unapanda unashuka. Kitagata yenyewe ni mji mdogo wa wilaya ya Sheema. Kuna maduka ya mstari, kuna hospitali ya serikali, kuna boda zinazosubiri abiria chini ya mti. Ukizoea kelele za Base Camp siku ya kugawa, utadhani watu wa pale wamegombana, vile kulivyo kimya. Unasikia ng'ombe. Na wale ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, ambao hapa tunawaona kwa mbali upande wa wenyeji, pale wanapita karibu nawe taratibu kama wazee wanaotoka kanisani.

Maji ya moto yapo bondeni, kando kabisa ya barabara. Hulipii mtu wa kukuongoza ili uyafikie. Asubuhi kukiwa na baridi unaona mvuke unapanda kabla hujashuka kwenye gari.

Wengine wanasema ni miujiza. Wengine wanasema ni mizimu. Mwalimu wetu wa jiografia wa sekondari alitufundisha hivi, na mimi nilimwelewa vizuri kuliko nilivyoelewa hesabu: maji ya mvua yanazama ndani sana kupitia nyufa za miamba. Huku magharibi mwa Uganda tuko kwenye eneo la Bonde la Ufa, ardhi imevutika na kupasuka, na joto la chini linapata njia ya kufika karibu. Maji yanapashwa huko chini, halafu yanasukumwa juu kupitia nyufa nyingine kabla hayajapoa. Ndiyo maana chemchemi za namna hii zimefuatana upande huu wote. Kule Sempaya, ndani ya mbuga ya Semuliki wilaya ya Bundibugyo, maji yanachemka kabisa, wageni wanachemsha mayai. Kule Kibiro kando ya Ziwa Albert, akina mama wanatengeneza chumvi kutokana na chemchemi zao, kazi waliyorithi kwa bibi zao. Kitagata ni ya kuoga. Lakini pale yanapotokea, joto linafika nyuzi 80, kwa hiyo usijifanye shujaa ukatia mguu kwenye jicho lenyewe. Unakaa pale yalipokwisha kupoa kidogo.

Chemchemi ni mbili, jirani jirani. Moja inaitwa Ekyomugabe, maana yake ni ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Ndipo wafalme walipokuwa wanaoga. Ufalme huo ulifutwa pamoja na falme nyingine za Uganda mwaka 1967, na mwaka 1993 wenzao waliporudishiwa zao, Ankole hawakurudishiwa. Mfalme hayupo lakini jina lake limebaki kwenye maji. Nyingine watu wameipa jina la Mulago, kama ile hospitali kubwa ya taifa kule Kampala, kwa sababu wanaamini inatibu. Mimi nilicheka sana niliposikia. Wananchi wamejipa hospitali yao ya rufaa, haina foleni, haina rejista, haiulizi barua kutoka kituo cha chini.

Hapo Mulago ndipo tulipokaa. Kulikuwa na wazee wengi, wake kwa waume, wamekaa majini kama watu waliokaa sebuleni. Mwingine amejimwagia goti kwa kikombe cha plastiki, mwingine amelala kwenye jiwe amefumba macho. Sisi tukasimama pembeni tumeshika nguo zetu mkononi, hatujui tuanzie wapi, na kusema kweli tuliona haya. Bibi mmoja akatuangalia, akajisogeza, akapiga jiwe kwa mkono: "Mwije, mwije." Njooni. Tukasema "Agandi" zetu za kubahatisha, wakacheka matamshi yetu, tukakaa.

Nilisubiri maswali. Nimeishi kambini tangu nikiwa mtoto wa miaka kumi, mwaka 2012, na mwili wangu umezoea kwamba mtu mpya akifungua mdomo ataniuliza namba ya familia, tuko wangapi nyumbani, tulifika lini, nani mgonjwa. Bibi yule aliuliza kitu kimoja tu, kama maji ni moto sana kwa huyu dada mwembamba. Baadaye mzee mmoja alituuliza tunatoka wapi, tukasema Nakivale, akasema "eh, mbali," akaendelea kujikanda bega. Ilikuwa imekwisha.

Wafanyakazi wa mashirika, nataka mkae hapo kidogo kabla hamjaendelea kusoma. Kwa masaa matatu tulikuwa watu kumi na mmoja waliokaa kwenye maji na watu wengine. Hakuna aliyekuwa na fomu.

Halafu kuna hili la maji ya moto yenyewe. Kwa mtu wa mjini ni kitu cha kawaida, anafungua bomba. Hapa kwetu maji ya moto ni kuni. Na kuni ni kutembea mbali, ni kugombana na wenyeji ambao nao wana haki ya kulinda miti yao, ni pesa kama unanunua. Kuni zikipatikana zinapika chakula, haziogeshi mtu mzima. Maji ya moto ya kuoga ni ya mtoto mchanga, ya mzazi aliyejifungua na ya mgonjwa. Kuna mama tuliyekwenda naye, wa Rubondo, ambaye mgongo wake umeharibika kwa kubeba jerikani na matofali. Alikaa majini akanyamaza kimya muda mrefu mpaka tukaogopa. Tulipomwuliza akasema: "Niacheni. Tangu nizae huyu wa mwisho sijaoga mayi ya moto." Huyo wa mwisho yuko darasa la nne.

Sasa mtu aniambie mama huyu alifanya anasa.

Wenzangu wa kwetu Rutshuru mtakuwa mmeshafikiria jambo ambalo mimi nililifikiria pale kwenye jiwe. Na sisi tuna yetu. Mayi ya Moto, ndani ya mbuga ya Virunga, jina linajieleza lenyewe. Mimi sikuwahi kuyaona. Nilikuwa nasikia wakubwa wakiyataja kama jina la kituo cha njiani, mahali ambapo malori yanapita haraka kwa sababu ya watu wenye bunduki. Mtoto wa Rutshuru amekulia karibu na maji ya moto ya kwao bila kuyagusa, amekuja kuyagusa ya Banyankole. Wale wanaoongea Kinyarwanda kwenye kundi waliyaita amashyuza, wakaanza kukumbuka ya Rubavu kando ya Ziwa Kivu. Kila mmoja alikuwa na chemchemi yake ya kwao kichwani. Tuliongea kuhusu kwetu siku ile zaidi ya tunavyoongea mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza hatukuongea kuhusu vita. Tuliongea kuhusu samaki na barabara na milima. Nani kati yenu anayeendesha vikao vya afya ya akili amewahi kupata hilo ndani ya hema?

Sisemi kwa dharau. Nimehudhuria vikao hivyo na nimesaidia kuita watu waje. Tunafundishwa kuvuta pumzi taratibu, tuhesabu mpaka nne, tutoe. Ni mafundisho mazuri. Ila tunavuta pumzi ndani ya turubai saa nane mchana, watu themanini, na mtoto analia, na nje kuna foleni ya kitu kingine.

Kwa kuwa mimi pia najitolea upande wa afya ya kijiji, niseme na hili kabla mtu hajaniletea lawama. Maji ya Kitagata hayatibu kisukari. Hayatibu presha, hayatibu virusi, hayaondoi dawa uliyoandikiwa na daktari. Maji ya moto yanalegeza misuli, yanapunguza maumivu ya viungo kwa muda, yanamfanya mtu alale vizuri. Hiyo inatosha, hakuna haja ya kuiongezea. Mwenye presha, mwenye moyo dhaifu na mama mjamzito waulize kliniki kwanza, na wasikae muda mrefu. Mwenye kidonda kibichi asiingie, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Na kunywa maji ya kunywa, maana unatoka jasho ndani ya maji bila kujua.

Sasa nirudi kwa mama wa bombani.

Ana watoto watano na njaa anayoisema ni ya kweli. Julai 2023 WFP ilipotugawa makundi, wapo waliobaki na asilimia 60 ya mgao, wapo waliopata asilimia 30, na wapo walioambiwa kwamba wanaweza kujitegemea, hao wakapata sifuri. Nauli yetu ya kwenda na kurudi pamoja na chakula ilikaribia shilingi elfu sitini kwa mtu. Hiyo inazidi mgao wa mwezi wa mtu mmoja. Hesabu yake siyo ya uongo, na mimi sibishani na mtu mwenye sufuria tupu.

Lakini naomba tuulize pesa ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye boksi letu la akiba. Kila Jumapili elfu mbili na mia tano kwa mtu, miezi sita. Mwenye kusuka nywele alisuka, mwenye kuchaji simu kwa sola alichaji, wawili walifyatua matofali ya wenyeji, mimi nilikata kwenye posho ya kujitolea, ambayo mnaijua ilivyo. Wiki nyingine mtu hakuleta, tukamsubiri. Hakuna shilingi iliyotoka kwenye unga wa mtu mwingine. Tungebaki nyumbani Jumamosi ile, mama yule asingepata hata kilo moja.

Na kuna kitu kinanishangaza. Kijana akipoteza elfu tano kwenye beti ya mpira, hakuna anayemwambia kuhusu njaa. Akinunua bando akaangalia video za watu wanaoogelea Dubai mpaka usiku wa manane, ni mambo ya ujana. Akinunua viatu vya harusi ya rafiki, anapongezwa. Lakini akipanda gari kwenda kuona kitu kilichopo ndani ya mkoa huu huu, ghafla ameiba chakula cha watoto. Kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu tumekubali wenyewe kwamba mkimbizi ana mahali pake, na mahali pake ni pale alipoandikishwa. Akitoka, basi iwe ni hospitali, msiba, mahojiano au kazi. Akitoka kwa sababu tu anataka kuona, tunaona kama amevuka mpaka fulani.

Mpaka huo haupo kwenye sheria. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kutembea kwa uhuru ndani ya nchi, chini ya masharti ya kawaida ya usalama na ya sheria. Wenzetu wa Nyarugusu wanaposoma hapa wanajua ninachosema. Kule Tanzania sheria ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo lililotengwa, na kutoka ni mpaka kibali. Rafiki yangu mmoja kule ananiambia yuko Kigoma miaka yote hii, na Ziwa Tanganyika amelifahamu vizuri zaidi siku alipolivuka akikimbia Burundi kuliko miaka yote aliyokaa karibu nalo. Yeye angepewa kifungu cha 30, nina hakika angekwenda kila mwezi.

Sisi tunacho, na bado. Nawajua vijana wa miaka ishirini waliozaliwa Nakivale ambao mwisho wao ni Mbarara, tena stendi na hospitali. Nakivale ipo tangu 1958. Wazazi wamezeeka hapa. Unakuta kijana anajua majina ya miji ya Australia, anajua kambi ya mapokezi ya jimbo gani ina baridi, hajui kwamba kwa nauli ya takisi tatu kuna mahali ardhi inachemsha maji.

Sitaki kusema kwamba ni uvivu. Nauli ni nzito kweli. Hofu nayo ipo, ya kusimamishwa njiani na mtu anayetaka kitu kidogo, ya kukosa Kinyankole, ya kukosa jina lako kwenye uhakiki siku ambayo hukuwepo. Dada zetu wana hofu zaidi na wana sababu. Ndiyo maana tulikwenda kundi, na kila mtu alikuwa na kitambulisho mfukoni, na tulimwambia mwenyekiti wa kijiji. Njiani tulisimamishwa mara moja, askari akaangalia vitambulisho, akauliza tunaenda wapi. Mmoja wetu akajibu, "Kuoga." Askari akacheka akatuachia.

Upande wa mashirika nina mawili.

La kwanza ni la pesa, na nitalisema kwa upole. Kabla ya kuanza boksi, tulipeleka ombi kwa shirika moja, sitalitaja, tukaomba gari tu kwa siku moja. Tulijibiwa kwa adabu kwamba hakuna fungu la burudani. Halafu tukashauriwa pembeni: andikeni kwamba ni ziara ya mafunzo ya mazingira, wekeni malengo matatu, muwe na bango, karatasi ya mahudhurio, na mtu wa kutoa mada, itapita. Tulikaa tukajadili. Wengine walisema tuandike, nani atajua. Mwisho tukaona hapana. Hatukutaka kusimama kwenye mvuke tumeshika bango tukipigwa picha ya ripoti, halafu tusaini. Sisemi aliyetushauri alikuwa mtu mbaya, alikuwa anajaribu kutusaidia kupita kwenye mlango aliopewa yeye. Mlango wenyewe ndio una kasoro. Kama kupumzika hakuwezi kuandikwa kwa jina lake kwenye bajeti ya vijana, kila kundi litajifunza kudanganya kwa lugha ya miradi, na wengi tumeshajifunza.

Na nyinyi wenyewe mnaofanya kazi kwenye vituo vigumu, wengi wenu mna likizo ya kupumzika, imeandikwa, kila baada ya wiki kadhaa unatoka unakwenda mahali pa utulivu. Ni sawa kabisa, mtu akikaa kwenye mateso ya watu bila kutoka anaharibika. Sasa mateso hayo unayoyapumzikia ni yetu. Sisi tunayapumzikia wapi?

La pili ni la picha. Mimi sijamwona mtu aliyeondolewa kwenye mgao kwa sababu ya picha ya safari, na sitaki kueneza uvumi. Lakini uvumi huo uko kila mtaa, watu wanauamini, na unabadilisha maisha yao. Watu wanaficha baiskeli. Wanaficha redio mpya ndani ya gunia kabla ya uhakiki. Wanaficha furaha, hata ile ya bure. Mnaweza kuumaliza kwa dakika tano kwenye mkutano wa jumuiya: simameni, mseme wazi ni vigezo gani vinavyotumika kumpanga mtu kwenye kundi, na mseme wazi kwamba mtu kusafiri siku moja au kuonekana anacheka kwenye simu siyo kigezo. Kama ni kigezo, semeni pia, tujue. Mkinyamaza, kila mtu anaendelea kujipangia maisha kwa kuogopa jicho ambalo pengine hata halimwangalii.

Wenyeji wa Kitagata hawakuniomba niwatangazie mji wao, na sitaki mia mbili wetu tushuke pale siku moja na spika na mabango. Ni mahali padogo, wagonjwa na wazee wanapategemea. Ukienda, nenda kama mgeni anavyokwenda kwa mtu. Salimia kwanza. Usiingie na sabuni kwenye maji ambayo mwenzako amekalia. Usimpige picha mtu aliyevua nguo, hata akiwa mbali, hata kama picha ni nzuri. Sisi tulipiga za kwetu tulipomaliza, tumevaa, nyuma yetu mvuke na migomba. Chakula tulinunua palepale kijijini, matoke na maharage, na bushera ya baridi ambayo mimi sikuipenda lakini wenzangu waliongeza. Pesa ile ikabaki kwao, nalo ni jambo zuri.

Safari ya pili tunaipanga kabla ya shule kufunguliwa. Boksi limeanza tena Jumapili iliyopita, bei ile ile. Safari hii tumekubaliana kila mmoja aongeze mia tatu kwa wiki, zitoshe nauli ya akina mama wawili ambao hawawezi kuchangia. Mama wa bombani nimeshamwambia jina lake lipo. Amesema atafikiria, na kwamba kama anakwenda, hataki picha.

Wanaotaka kuja waone mweka hazina kabla ya mwisho wa mwezi. Leteni kitambulisho, leso au kaptula ya kuogea, sandali kwa sababu mawe yanateleza, na chupa ya maji ya kunywa. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, siyo saa kumi na mbili. Safari iliyopita tulimsubiri mtu mmoja nusu saa na anajijua.